Shimo la Makumbi

Mimi harufu ya makumbi sitaki kuisikia. Najua wenzangu wa rika langu mliokulia huku, kuanzia Gazi mpaka Shimoni, mnaipenda. Mnaituma kwenye makundi ya simu, picha ya bibi fulani kakaa kwenye tope la mikoko na rungu lake, mnaandika chini yake, "Enzi zetu, raha tupu." Haya, raha yenu. Kwa asiyejua, kumbi ni lile ganda la nje la nazi. Linafukiwa kwenye tope la ufukwe miezi na miezi, linavunda, na likifukuliwa linanuka kama mayai viza. Kisha linapondwa likatoa nyuzi, na nyuzi zinasokotwa kamba. Juzi jirani yake mama yangu alifukua ya kwake. Upepo ukaileta harufu mpaka ndani nilikolala na kichanga changu cha siku thelathini na tisa, nikatapika kwenye beseni. Mama akasema ni mambo ya uzazi. Si mambo ya uzazi, na yeye anajua.

Ningenyamaza kama nilivyonyamaza miaka kumi na minane. Lakini kesho yake, kwenye arobaini ya mwanangu, shangazi yangu Mejumaa aliisimulia hadithi hii mbele ya akina mama wote, akachekewa. Sasa naisimulia mimi.

Nilikuwa na miaka saba, meno ya mbele sina. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi, na huyo shangazi Mejumaa, dada mkubwa wa baba, aliyeachwa na mume wa pili akarudi kwao na sanduku moja, sufuria tatu na ulimi. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja cha maana, na alipofika tu kikawa chake. Hakuna aliyempa. Alikikalia, basi. Baba na mama wakashuka chini kwenye mkeka, wakaweka juu yake godoro lililokonda mpaka ukilala unahesabu mawe ya sakafu. Mama aliposhika mimba alimwambia baba, tena kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, kwamba arobaini yake hataikaa sakafuni kama kuku wa kutotoa. Atawamba kitanda chake mwenyewe. Baba wakati huo alikuwa kibarua wa ujenzi Diani, akarudi na miti ya fremu begani. Kamba zilikuwa kazi ya mama, na mama akanichukua mimi.

Tulishuka ufukweni maji yakiwa yametoka. Pale kwenye mikoko kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na hakuna aliyegusa shimo la mwenziwe, hata kama mwenziwe ni adui. Mama alichimba, tukapanga makumbi, tukafukia kwa tope, tukaweka mawe juu, makubwa chini, madogo juu. Mwisho akasimamisha kijiti upande mmoja. Nikamuuliza kwa nini tunazika vitu vizuri.

"Yanakwenda kulainika," akasema.

"Yakishalainika?"

"Tunakuja kuyatoa. Lakini uwe na adabu ya siku. Ukifukua mapema, unayakuta magumu kama ulivyoyaweka. Ukichelewa, yameoza, huna kitu."

"Nani anaijua siku?"

"Aliyefukia. Yeye ndiye anayehesabu."

Nakumbuka nilivyokuwa sina subira. Kila nikimfuata mama kuokota kuni nilikuwa nachungulia kile kijiti kama kimesimama. Siku ilipofika tumbo la mama lilikuwa limetangulia mbele yake kama sahani ya kuomba. Tukaondoa mawe, tukafukua, na mimi wallahi nilipiga kelele. Tuliweka maganda ambayo hata panga lilikuwa linayakataa, tukatoa kitu laini, kinachochanika kwa vidole, kina nyuzi kama nywele. Kilinuka, ndiyo. Lakini kwangu ulikuwa muujiza. Tope lilikuwa limekula ugumu wote na kuturudishia kilicho kizuri.

Tukaponda, tukasuuza, tukaanika, nyumba nzima ikanuka. Shangazi akawa anapita na upindo wa leso puani.

"Wifi, mwanao atazaliwa ananuka mikoko."

"Atakuwa ametoka kwa baba yake," mama anajibu, "si nyinyi ndio wenye kunuka mikoko tangu mababu?"

Walikuwa wakirushiana hivyo kutwa. Mimi nilicheka, nikidhani ni mapenzi.

Kisha tukasokota. Mama alisokota kwa kuviringisha nyuzi pajani, na mimi paja langu likawa jekundu kwa kumuiga. Na kuwamba kitanda kulikuwa siku tatu nzuri kuliko zote nilizopata kuishi ndani ya nyumba ile. Nalisema hili kwa sababu sitaki mtu aje kuniambia sikuwa na utoto. Nilikuwa nao. Mama hakuweza kuinama, kwa hiyo mimi nilikuwa chini ya fremu, chali, napokea kamba na kuirudisha juu. "Juu moja, ruka mbili. Vuta! Vuta kama unamvuta shangazi yako kitandani kwangu!" Baba akaweka mguu kwenye mti wa ubavuni akakaza kila mstari mpaka ukawa unalia ukiupiga kwa kidole. Tulipomaliza mama alikaa katikati, kitanda kikaguna, hakikulegea. Akanivuta juu, akauweka mkono wangu tumboni. Kitu kikanipiga teke.

"Huyo atalala kati yetu," akasema. "Mimi huku, wewe huku."

Nikamuuliza kama atakuwa laini. Akacheka, akasema hakuna kitu laini duniani kama yeye.

Alikwenda hospitali alfajiri moja, akarudi kesho yake akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, tumbo halipo na sauti haipo. Nyuma yake baba alikuwa amebeba kitu kidogo kimefungwa nguo nyeupe, amekishika kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Wakampitisha mama ndani, wakamlaza kwenye kitanda chetu, akageukia ukuta. Baba na majirani wawili wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho. Mimi nikawafuata. Hakuna aliyeniita, wala hakuna aliyenifukuza. Nilisimama pale pale nikaona kila kitu. Baba alishuka kwenye shimo. Akakiweka kile kitu kwa upole. Wakafukia. Wakapanga mawe juu. Mwisho baba akasimamisha kijiti upande wa kichwa.

Sasa nambieni, nyinyi mnaojifanya mna akili: mtoto wa miaka saba angefikiri nini?

Maana hakuna aliyenieleza. Watu waliingia na kutoka, "poleni", "Mungu hakujaalia", "kapumzika", wakanywa chai, wakaenda zao. Shangazi aliwapokea kama mwenye msiba ni yeye. Lakini hakuna mtu mzima hata mmoja aliyechuchumaa mbele yangu, akaniangalia usoni, akasema: mdogo wako amekufa, na mtu akifa harudi. Maneno hayo yanamaliza nusu dakika. Mimi kifo nilichokuwa nakijua ni cha kuku, na kuku tulimla. Kuhusu kufukia vitu ardhini nilikuwa na somo moja tu, na somo hilo nilipewa na mama yangu mwenyewe.

Basi nikaanza kuhesabu. Niliwaza kwamba kumbi ni gumu, ndiyo maana linataka miezi. Mtoto alishakuwa laini tangu mwanzo, mama alisema. Huenda amewekwa kidogo tu, kwa kuwa kuna kitu hakikuwa tayari. Nikaona Ijumaa mbili zinamtosha. Ijumaa ya kwanza ikapita. Nilimwangalia mama kama anahesabu, nikamkuta bado ameugeukia ukuta. Baba ndiye aliyefukia, yeye ndiye aliyepaswa kuijua siku, na baba alikwisha kurudi Diani kwenye kazi yake. Hapo hofu ikanishika. Nilikuwa nakumbuka vizuri: ukichelewa, huna kitu. Usiku nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, nimeacha nafasi katikati, nawaza jinsi watu wazima walivyo wazembe.

Ijumaa ya pili baada ya alasiri, shangazi alikwenda kwa jirani kusukwa. Nilichukua kifuu cha nazi cha kuchotea na leso moja ya mama, ile laini ya zamani, ya kumfungia akitoka, maana nilijua atakuwa na mchanga na atasikia baridi. Nikaondoa mawe kama nilivyofundishwa, madogo kwanza, nikayapanga pembeni kwa ukubwa. Nikaanza kuchota mchanga. Nilikuwa namsemesha. Nilimwambia kitanda kipo, kimekazwa, na kwamba akilala asije akanipiga mateke. Mkono ulikuwa umezama mpaka kwenye kiwiko nilipomsikia shangazi.

Hakuniita kwa jina. Alipiga yowe moja, "Mwangaaa!" Na kwetu, kama hujui, mwanga ni yule mchawi afukuaye maiti. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa na nusu imesimama, akanijia mbio, akanikamata nywele. Nikajaribu kumweleza. Nilisema, "Shangazi, siku zake zimefika, ataoza." Sentensi hiyo ndiyo aliyoisikia, na ndiyo aliyotembea nayo kijiji kizima. Alinikokota mpaka uani, akachukua kipande cha kamba kilichobaki tulipowamba kitanda, akanipiga mbele ya watu waliokuja kuitikia yowe. Sikujua nimekosa nini. Kati ya kipigo na kipigo ndipo aliponiambia, kwa kelele, "Amekufa! Mfu umemtakia nini? Amekufa!" Hivyo ndivyo nilivyopewa habari za mdogo wangu.

Akaniburuta ndani kwa mama. "Wifi, tazama ulichozaa!" Mama alikuwa amelala kwenye kile kitanda, anaangalia ukuta, anahema. Nikamwita. Nikamwita tena. Hakugeuka. Shangazi akanitoa.

Kilichofuata ni cha miaka. Nilifukizwa dawa nimefunikwa blanketi mpaka nikazimia, eti nitolewe uwanga. Chuoni, kwenye Kurani, hakuna mtoto aliyetaka kusoma juzuu moja na mimi. Mwanamke akijifungua jirani, mimi nafungiwa ndani mpaka siku saba zipite. Nilisoma sekondari nimekaa dawati la peke yangu, si kwa wingi wa madawati. Mume wangu aliponichumbia, watu wawili walimfuata wakamwonya; bahati ni mtu wa Taru, mambo ya pwani hayajui, akawacheka. Na katika miaka yote hiyo mama yangu alinipikia, akanifulia, akanilipia ada kwa kuuza kamba. Lakini neno moja la kunitetea hakulitoa. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mambo yaliyopita, mwanangu." Kumbe yamepita wapi? Mimi nilikuwa ndani yake.

Nilipozaa mwaka huu nilirudi kwa mama kukaa arobaini, kama ilivyo desturi. Wenzangu waliniuliza kwa nini narudi kule. Kwa kuwa ni kwetu, ndiyo sababu. Siku ya arobaini wanawake wakaja, wakasoma dua, pilau ikapakuliwa. Binti yangu Riziki ana miaka mitano, na siku zote hizo alikuwa ananiomba ambebe mdogo wake. Nikamwambia akae vizuri kwenye mkeka, anyooshe miguu, nimpakatishe. Alipoinua tu mikono, shangazi Mejumaa, sasa mtu mzima wa meno manne, akasema na pilau mdomoni:

"Msimpe huyo! Nyinyi hamjui. Mama yake alikuwa mwanga ana miaka saba. Alimfukua mdogo wake mchana kweupe, nikamkuta mimi, kiganjani ana mchanga wa kaburi, ananiambia, 'Shangazi, ataoza!'"

Wakacheka. Si kwa ubaya, najua, watu hucheka wakisimuliwa. Jirani yangu wa Ukunda, mtu wa bara, akashika mdomo, "Aki nyinyi watu wa huku mnanitisha." Riziki akaishusha mikono yake. Akaviangalia viganja vyote viwili, akavifuta kwenye gauni. Akaniuliza, "Mama, mwanga ni nini?"

Wallahi hapo nikaona giza. Mimi walinipata. Huyu, hapana.

"Ni tusi," nikamwambia, "na mwenye kulitoa ni yule pale."

"Astaghfirullah!" shangazi akaweka kijiko. "Mimi shangazio unanivunjia heshima mbele ya watu?"

"Heshima gani? Ulinipiga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe, kwa kuwa sikujua kifo ni nini, na nyinyi mlikuwepo wote mnakunywa chai. Nilikuwa na miaka saba! Nilidhani mmemsahau!"

"Kaburi lilifukuliwa, halikufukuliwa?" Akawageukia wengine, mikono wazi. "Nisemeeni mlio hai. Nilimkuta au sikumkuta?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, polepole, "Halikufukuliwa. Aliishia kwenye kiwiko."

"Wewe wifi unajuaje? Ulikuwa ndani, una siku kumi za uzazi."

"Nilitoka."

Wakubwa pale walielewa kwanza. Mzazi wa siku kumi hatoki, achilia mbali kwenda kaburini. Angeachika kwa jambo hilo. Angalau shangazi angehakikisha anaachika.

Mama akaweka sinia chini. "Nilikuwa nyuma ya mkorosho. Nilimwona tangu anaondoa jiwe la kwanza. Nilisikia kila alichokuwa anamwambia." Alikuwa anazungumza na shangazi, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Ningeweza kumwita arudi. Sikumwita. Nilikuwa nataka amfikie mdogo wake. Mimi mtu mzima, na akili zangu, nilisimama pale nataka mtoto afike. Ulipopiga yowe nikakimbia, nikaingia kitandani kabla hujamleta. Kwa hiyo Mejumaa, kama kulikuwa na mwanga siku ile, ulimpiga asiye yeye."

Mwanamke mmoja akaanza kukusanya sahani ambazo hazijaliwa.

Nyinyi mnaosoma mtataka niseme nilimkumbatia mama yangu. Sikumkumbatia. Nilimwambia, mbele ya wote, "Miaka kumi na minane." Akasema, "Najua." Nikamwambia, "Nilikuita mara mbili." Akasema, "Mara tatu. Ya tatu ulikuwa umeshatolewa nje." Nikataka kumtukana, mama yangu mzazi, siku ya arobaini ya mwanangu, na maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu nikiwa msichana. Lakini mtoto alianza kulia mapajani kwangu, na nilipomwinua niliona nimemshika vibaya, ningemwangusha.

Nikamnyooshea mama ampokee. Mtu aliyekuwa karibu ni yeye.